Nyumba Njema Si Mlango: Historia Fupi ya Uso wa Nyumba, Kutoka Bujora

Ukitoka Mwanza mjini kwa barabara ya Musoma, ukaipita Nyakato, kisha Igoma, ukafika Kisesa na kuchepuka kuelekea Bujora, utakuwa umesoma kuta nyingi. Baadhi zimeandikwa “Nyumba inauzwa”, pamoja na namba ya simu na mara nyingine onyo kwamba dalali hatakiwi. Nyingine zinasema kinyume: “Nyumba hii haiuzwi. Ogopa matapeli.” Tena yako maandishi ya tatu, yanayofahamika kando ya barabara zote kuu za nchi hii, ambayo haandiki mwenye nyumba: herufi moja tu, X, iliyochorwa na mtu wa serikali kwa rangi nyekundu au ya kijani.

Maandishi haya matatu yalinirudia akilini mwezi uliopita, nilipomkuta jirani yangu mmoja wa Bujora, mwalimu mstaafu, amesimama mbele ya nyumba yake na ndoo mbili za rangi. Ameamua kuuza na kuhamia kwa mwanawe. Dalali amemshauri apake rangi ya maziwa upande wa barabarani tu, aache pande nyingine zilivyo, apande ukoka na maua kidogo, kisha aung'oe ua wa minyaa na kuweka geti. “Mwanangu,” akaniambia, “wewe umesoma sana. Nipake mbele peke yake, au ni utapeli?”

Sikuwa na jibu la haraka. Wahenga wametuachia methali mbili ambazo hapa zinagombana. Ya kwanza yasema kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Ya pili yasema nyumba njema si mlango, fungua uingie ndani. Makala haya ni jibu langu lililochelewa. Nakusudia kuonesha kwamba uso wa nyumba una historia katika nchi yetu, na kwamba historia hiyo ina uzito katika bei ya nyumba kuliko ndoo yoyote ya rangi.

Nyumba isiyo na mbele

Tuanze pale pale Bujora, takriban kilomita 20 kutoka Mwanza. Padre David Clement, mmisionari kutoka Kanada ambaye Wasukuma walimwita Fumbuka, alianzisha hapo kituo cha utamaduni ambacho ndicho chimbuko la Makumbusho ya Wasukuma. Mgeni huoneshwa ngoma za watemi, vifaa vya wahunzi na vya waganga, na nyumba ya msonge: duara la fito na udongo, paa la nyasi lililochongoka juu na kushuka chini hata anayeingia hulazimika kuinama.

Jambo ambalo wageni wengi hawaliulizi ni hili: nyumba ile ina mlango, lakini mbele yake ni wapi? Duara halina uso. Kaya ya Kisukuma ya zamani haikujengwa ili ipendeze machoni mwa mpita njia. Nyumba zilitazama uani na zizi, na kaya nzima ilizungukwa na ua wa minyaa, mmea ambao utomvu wake huunguza jicho la mwenye kuchungulia. Heshima ya mwenye kaya ilikuwa ndani: katika ng'ombe, katika vihenge vya nafaka, katika idadi ya watu waliokula pamoja jioni.

Wala nyumba ile haikuandaliwa kwa ajili ya mnunuzi. Ardhi ilikuwa chini ya mtemi, na wanangwa waliigawa kwa niaba yake. Aliyehama aliondoka na mifugo yake na mavuno yake, na ardhi ikarudi kwa jumuiya ili apewe mwingine. Thamani haikukosekana. Kilichokosekana ni soko, na pasipo soko hapana haja ya kupamba mlango.

Macho ya mtoza kodi

Jicho la kwanza la kigeni kuitazama nyumba ya Msukuma lilikuwa jicho la kuhesabu. Mwaka 1895 Dola ya Ujerumani ilitoa amri iliyoitangaza ardhi isiyo na mmiliki anayetambuliwa kuwa mali ya dola. Mwaka 1898 ikaanza kutozwa kodi ya nyumba. Kwa mara ya kwanza kibanda cha udongo kiligeuka kuwa deni: kila paa lililoonekana kwa mtoza kodi lilikuwa na bei yake kwa mwaka. Katika mazingira hayo, nyumba inayoonekana sana ilikuwa hasara kwa mwenyewe.

Waingereza waliendeleza kodi hiyo na kuongeza juu yake sheria. Sheria ya Ardhi ya 1923 iliifanya ardhi yote ya Tanganyika kuwa ardhi ya umma chini ya mamlaka ya Gavana. Mtu hakumiliki ardhi, alikuwa na haki ya kuikalia tu. Marekebisho ya 1928 yalikubali kwamba mwenyeji anayekalia ardhi kwa mujibu wa mila naye ana haki hiyo, ingawa hana karatasi.

Hapa msomaji asimame kidogo, kwa maana ndipo ilipofichwa siri ya ndoo ya rangi. Ikiwa ardhi si yako, unauza nini unapouza nyumba? Sheria ilijibu kwamba unauza ulichokiweka juu yake: ukuta, paa, kisima, miti. Wanasheria waliviita maendelezo. Ardhi tupu, kwa mtazamo wa sheria, haikuwa na bei.

Wazo hilo halikuzikwa na ukoloni. Mwaka 1958, serikali ya kikoloni ilipopendekeza watu waruhusiwe kumiliki ardhi moja kwa moja, Julius Nyerere aliandika kijitabu cha *Mali ya Taifa* kupinga. Hoja yake ilikuwa kwamba ardhi ni zawadi ya Mungu kwa watu wote, na kwamba kinachoweza kuwa mali ya mtu ni jasho lake aliloliweka juu ya ardhi. Aliogopa kwamba katika nchi ya maskini, mwenye fedha angenunua na wengine wangekuwa wapangaji katika nchi yao wenyewe. Baada ya Uhuru, sheria ya 1963 iliyageuza mashamba na viwanja vya umiliki wa kudumu kuwa vya kupanga kutoka serikalini, na mwaka 1969 navyo vikageuzwa kuwa vya haki ya kukalia.

Msimamo huo ulikuwa na uadilifu mkubwa, na mimi ni miongoni mwa wanaoamini kwamba hofu ya Nyerere haikuwa ya bure. Lakini ulikuwa na tokeo ambalo hakulikusudia. Watu waliendelea kuuziana, na kwa kuwa ardhi haikuruhusiwa kuwa na bei, bei yake ilivishwa nguo za maendelezo. Kiwanja kiliuzwa kwa jina la msingi uliochimbwa. Shamba liliuzwa kwa jina la miembe. Chumba kimoja cha udongo kilibeba bei ya eneo zima lililokizunguka. Kwa hiyo anayepaka chokaa na kupanda miti kabla ya kuuza afahamu kwamba hafanyi jambo jipya lililoletwa na madalali wa simu. Kwa miongo mingi pambo hilo lilikuwa ndiyo bidhaa halali, na ardhi chini yake ikipita kimya kimya kama magendo.

Pamba, bati na barabara

Nyumba ya Usukumani ilianza kupata mbele kwa njia mbili: kwa fedha na kwa amri.

Fedha ilitoka katika pamba. Miaka ya 1950 wakulima wa kanda hii walijenga vyama vya ushirika vilivyoungana mwaka 1955 kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, chini ya uongozi wa Paul Bomani. Kwa mkulima wa kawaida, msimu mzuri wa pamba ulionekana juu ya nyumba: nyasi zikaondoka, bati likaja. Bati halipendi duara. Karatasi yake imenyooka, nayo huitaka nyumba ya pembe nne. Nyumba ya pembe nne, tofauti na msonge, ina ubavu, ina mgongo, na ina uso.

Amri ilikuja baadaye. Novemba 1973 ilitangazwa kwamba kuishi vijijini ni lazima, na kwamba kazi hiyo ikamilike kabla ya mwisho wa 1976. Mwaka 1974 operesheni ilifika Usukumani kwa nguvu. Kaya zilizokuwa zimetawanyika kila moja ndani ya minyaa yake zilihamishiwa kwenye mistari ya vijiji, mara nyingi kando ya barabara, ili shule, zahanati na maji viwafikie watu, na ili serikali nayo iwafikie. Huko nyuma yalibaki mahame: duara za minyaa zilizoota zenyewe, bila mtu wa kuzilinda.

Tuseme kwa haki: shule zilijengwa, na wengi wetu tunaoandika leo ni matunda yake. Lakini nyumba iligeuzwa. Iliyotazama zizi ikatazama barabara, na barabara ikaitazama. Viwanja vilivyogawiwa vilikuwa mara nyingi mashamba ya watu wengine, ambao hawakuulizwa wala kulipwa. Karatasi hazikutolewa, au ilitolewa barua fupi yenye muhuri wa kijiji na mashahidi wawili watatu. Deni hilo halikufutwa. Liliachwa kulala chini ya misingi ya nyumba.

Mjini nako uso mzuri ulipata mtihani wake. Baadhi ya majengo ya zamani katikati ya miji yetu, Mwanza ikiwamo, bado yana jina la familia na mwaka wa ujenzi paji la usoni, kwa saruji iliyofinyangwa. Wenyewe waliandika hivyo wakiamini kwamba saruji hudumu. Sheria ya Utwaaji Majengo ya 1971 iliyatwaa majengo ya kupangisha yaliyothaminiwa kuanzia shilingi 100,000, na yaliyokuwa na umri wa miaka 10 au zaidi hayakulipiwa fidia. Yakawekwa chini ya Msajili wa Majumba, na baadaye chini ya Shirika la Nyumba la Taifa. Jina lilibaki ukutani na mwenyewe akaondoka. Bei iliyopandishwa na uzuri wa jengo iligeuka kuwa kosa lake.

Mahakama zaingia ndani

Methali yasema fungua uingie ndani. Miaka ya 1990 mahakama zetu zilifanya hivyo, na kesi mbili zinamhusu kila anayeuza au kununua nyumba kandokando ya ziwa hili.

Ya kwanza iliamuliwa na Mahakama Kuu hapa hapa Mwanza mwaka 1990. Bi. Holaria Pastory wa Muleba alirithi ardhi ya ukoo kwa wosia wa baba yake. Mwaka 1988 aliiuza kwa shilingi 300,000. Mpwa wake, Bernardo Ephrahim, alikwenda mahakamani kudai kwamba kwa mila za Kihaya mwanamke hana mamlaka ya kuuza ardhi ya ukoo. Jaji James Mwalusanya alisema kwamba mila hiyo inamnyima mwanamke haki aliyo nayo mwanamume, kinyume cha Katiba, na kwamba Bi. Holaria alikuwa na haki ya kuuza. Swali la kesi ile halikuwa ubora wa shamba. Lilikuwa: mkono unaouza ni wa nani, na unatambuliwa na nani?

Ya pili iliamuliwa na Mahakama ya Rufani mwaka 1994. Lohay Akonaay na mwanawe Joseph, wakulima wa kijiji cha Kambi ya Simba mkoani Arusha, walipokonywa ardhi yao wakati wa operesheni ya vijiji, wakashinda kesi na kurudishiwa. Kisha Bunge likatunga sheria mwaka 1992 iliyofuta haki za kimila katika ardhi za namna hiyo. Mahakama, chini ya Jaji Mkuu Francis Nyalali, ilisema kwamba haki ya kimila ya kukalia ardhi ni mali inayolindwa na ibara ya 24 ya Katiba, na kwamba fidia ya haki haiishii kwenye maendelezo yanayoonekana. Jasho lililomwagwa juu ya ardhi lina stahili yake hata pale ambapo hakuna ukuta wa kuonesha. Kwa maneno mengine, baada ya karibu miaka 100 tangu amri ya Wajerumani, sheria ilikubali kwamba thamani haiko usoni pa nyumba peke yake.

Sheria mbili za 1999, ya Ardhi na ya Ardhi ya Vijiji, zilizoanza kutumika Mei 2001, ziliandika waziwazi kwamba haki katika ardhi ina thamani na kwamba thamani hiyo izingatiwe katika kila muamala. Marekebisho ya 2004 yakafungua mlango wa kuuza hata ardhi tupu. Soko lililokuwa likipita kwa siri likaingia kwa mlango wa mbele. Hofu ya Nyerere nayo ikaingia pamoja nalo, na hatujaijibu bado.

Ndoo ya rangi na herufi X

Turudi Kisesa na Bujora. Mji umepanuka kutufuata. Barabara ya Usagara hadi Kisesa imeiunganisha barabara ya Shinyanga na ile ya Musoma bila kupita mjini, na mashamba ya jana ni viwanja vya leo. Katika soko hili, uso wa nyumba ni fedha, nami sitamdharau anayeutunza. Nyumba iliyopigwa plasta, yenye mfereji unaopeleka maji ya mvua mbali na msingi, yenye mti wa kivuli na uwanja uliofagiwa, humwambia mnunuzi kwamba watu waliokaa humo walijali. Huo ni ushahidi wa aina fulani, na ni ushahidi wa haki.

Kinachonitia shaka ni ushauri wa kuficha. Rangi ya mbele tu, ili mnunuzi asizunguke nyuma. Plasta mpya juu ya ufa wa zamani. Minyaa ing'olewe na mpaka upotee pamoja nayo. Ndugu yangu, ua wa minyaa ulioota miaka 40 ni shahidi wa mpaka ambaye hahongeki. Kuung'oa kabla ya kuuza ni kumfukuza shahidi mahakamani.

Halafu kuna rangi ile nyingine. Sheria ya Barabara ya 2007 na kanuni zake zilipanua hifadhi ya barabara kuu kutoka mita 22.5 hadi mita 30 kila upande kutoka katikati ya barabara. Hivyo nyumba zilizokuwa nje ya hifadhi zikajikuta ndani bila kusogea hata shubiri moja. Wakaguzi wakapita na ndoo zao: X ya kijani kwa aliyefuatwa na barabara na anayestahili fidia, X nyekundu kwa anayehesabiwa kuwa ndiye aliyeifuata barabara. Mwaka 2017, kuanzia Kimara kuelekea Kiluvya, Dar es Salaam, taifa liliona nyumba nzuri, nyingine za ghorofa, zikibomolewa bila fidia ili barabara ipanuliwe. Wengi wa wenye nyumba hizo walikuwa wametunza sana sura ya mbele. Nayo ndiyo iliyobomolewa kwanza.

Tuone kejeli ya historia. Waliohamishiwa kando ya barabara mwaka 1974 walipelekwa huko kwa amri ya serikali. Mtoto wao anapoambiwa leo kwamba wazazi wake waliifuata barabara, ana haki ya kuuliza ni nani aliyewaweka pale. Watumishi wa umma wanaosoma ukurasa huu wanajua kwamba mafaili ya operesheni yale bado yapo katika baadhi ya ofisi. Kabla ya kuchovya brashi katika ndoo nyekundu, ingefaa yafunguliwe. Serikali ambayo tangu 2021 inakusanya kodi ya majengo kupitia LUKU imekwisha kuitambua nyumba kila mwezi. Itakuwa vigumu kueleza kwa nini haiitambui siku ya fidia.

Jibu kwa Mwalimu

Nilimrudia Mwalimu wiki iliyofuata. Nilimuuliza mambo matatu kabla ya kugusa suala la rangi.

Kwanza, Mama amekubali? Sheria ya Ndoa ya 1971, kifungu cha 59, hairuhusu nyumba ya wanandoa iuzwe bila ridhaa ya mwenza. Saini ya mke si hisani ya mume.

Pili, kiwanja kimepimwa kutoka barabarani, na vipimo vimelinganishwa na hifadhi ya sasa?

Tatu, kiwanja alikipataje? Hapo alinyamaza kidogo. Alikigawiwa na kijiji mwaka 1975. Kabla ya hapo lilikuwa shamba la mzee mmoja ambaye wajukuu zake wako Igoma, na mmoja wao aliwahi kupita akiangalia. Nikamwambia kwamba Sheria ya Ardhi ya Vijiji, kifungu cha 15, inathibitisha ugawaji wa ardhi ya vijiji uliofanywa kati ya Januari 1, 1970 na Desemba 31, 1977. Kwa hiyo tarehe iliyo kwenye barua yake ndiyo ukuta unaoshikilia nyumba nzima. Ikipotea, au ikikosa shahidi, rangi ya maziwa haitamsaidia yeye wala mnunuzi wake.

Barua ipo, imekunjwa ndani ya Biblia, wino umefifia. Kati ya mashahidi watatu waliotia saini, yu hai mmoja, bibi mmoja upande wa Kisesa, na macho yake hayaoni vizuri. Mwalimu alifunika ndoo zake kwa ubao, akavaa koti, tukatoka kwenda kumtafuta. Minyaa tuliiacha ilivyo.